Ramani ya Ngozi ya Mukeke

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika hata chupa moja. Nilinawishwa mikono. Nilifika mapema kwenye labo, ile maabara ya mafuta ya mawese hapa Rumonge, nimevaa kitenge kipya, nimejipaka mafuta hadi viwiko vinang'aa, maana mama yangu alisema binti wa watu haendi kazini na ngozi kavu. Msimamizi wa labo, mzee mwembamba mwenye koti jeupe lililofungwa vifungo vyote, alinusa hewa kabla hajanitazama usoni. Akanielekeza bombani. Nikanawa, nikarudi. Akanusa tena. Nikarudi bombani na sabuni ya kufulia. Wenzangu wakaenda kula chakula cha mchana, mimi bado nasugua, kitenge kimelowa, roho imenijaa hasira.

Alipotosheka aliniambia, kwa upole kabisa, "Zuhura, huku ndani tunapima mafuta ya kiwanda. Ya kwako tutapima siku ingine."

Vijana mnaosoma haya, msinicheke sana. Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya kupima vitu, na sikutoka tena mpaka nilipostaafu. Kazi yetu pale ilikuwa kujua kama mafuta yamechacha. Ngazi, yale matunda ya mchikichi, zikikaa chini muda mrefu kabla ya kukamuliwa, mafuta yake yanajaa asidi, na mnunuzi anayakataa. Tulichukua mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo, tukayeyusha na spiriti, tukatia tone la dawa ya rangi, kisha tukadondosha soda, ile kali ya kutengenezea sabuni, polepole mpaka maji yageuke ya waridi na yabaki hivyo. Soda ikienda nyingi, asidi ni nyingi. Kazi rahisi kuieleza, lakini ngumu kuifanya asubuhi hadi jioni bila kujidanganya kwamba umeona rangi. Msimamizi alikuwa akipita nyuma yangu, anasimama, anainua chupa yangu kuelekea dirishani. Jicho lake lilinifundisha kuliko darasa lolote.

Ni yeye aliyenipendekeza niende Bujumbura. Huko ilikuwa imefunguliwa labo ya kupima vyakula, na walitaka fundi ambaye mikono yake inaaminika. Nilifungasha, nikapanda gari la samaki, nikalia njia nzima mpaka Muhuta, halafu nikajifuta machozi kwa sababu dereva alianza kuniimbia nyimbo za msiba ili anichokoze.

Mkubwa wa kule alikuwa Direkta. Huyu alikuwa mtu wa tai na simu. Hakuwa mbaya, nisije nikamsingizia, ila alipenda majibu mafupi. Ukimweleza jambo kwa sentensi tatu, ya pili ilimkuta ameshainua simu. Yeye ndiye aliyenionyesha mashine niliyoishi nayo miaka yangu iliyobaki: spektromita ya masi. Sisi mafundi tulichoka na jina hilo siku ileile, tukaiita Mizani.

Wacha nieleze, na wanaojua wanivumilie. Kila kitu kimejengwa na vipande vidogo mno viitwavyo molekuli, na kila aina ya molekuli ina uzito wake. Mizani huzipa molekuli chaji ya umeme, huzivuta ndani ya chumba kisicho na hewa, kisha huzitenga nyepesi na nzito. Ukishaujua uzito, mara nyingi umeshalijua na jina. Ndani ya chumba kile lazima pampu inyonye hewa mchana kutwa na usiku kucha. Umeme ukikatika, hewa inarudi, na wewe unaanza kunyonya upya huku unaomba. Mume wangu alikuwa akisema kwamba nyumbani taa zikizimika sitafuti mshumaa, nataja jina la Mizani.

Kasoro ya Mizani ya wakati ule ilikuwa moja. Ili kumpima samaki ilibidi umsage. Unamkata, unamtia kwenye kisagio, unayeyusha ule unga, unachuja, ndipo unaipa mashine tone. Jibu linatoka zuri: ndani yake kuna hiki na kile. Lakini kilikuwa wapi? Kichwani, tumboni, juu ya ngozi? Hujui, na hutajua, maana umeshamsaga.

Kisha akaja Shefu, mkuu mpya wa sisi mafundi. Tulikuwa na mashefu kabla yake, lakini nikisema Shefu bila kuongeza neno, mjue ni huyu. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kivu Kusini, akakimbilia kwetu akiwa mtoto, akasomea mbali, akarudi na masanduku mawili: moja la nguo, dogo, na moja la vyuma, kubwa. Hakuinua sauti hata siku moja. Alikunywa chai ya tangawizi kutwa nzima na aliwasalimia walinzi kwanza, Direkta baadaye. Nilimpenda kama kaka, naye alinitesa kama kaka.

Kwenye lile sanduku kubwa kulikuwa na kichwa kipya cha kufunga mdomoni mwa Mizani. Tulikifunga pamoja, mimi na yeye, tukipeana bisibisi. Ni sindano nyembamba inayorusha matone madogo sana ya methanoli na maji yenye chaji, yakisukumwa na gesi ya azote, yaani naitrojeni. Matone yanapiga juu ya kitu unachotaka kupima, yanaokota molekuli zilizo pale juu, yanaruka nazo na kuingia mdomoni mwa mashine. Chini kuna meza ndogo inayosogea hatua kwa hatua, na kila hatua ni pimo moja. Ukimaliza, kompyuta inachukua uzito mmoja uliouchagua na kupaka rangi kila mahali ulipoonekana. Unapata ramani. Hakuna kusaga. Samaki, jani, kitambaa, kila kimoja kinabaki kilivyo, na unaona kilichokaa juu yake na mahali kilipokaa.

Siku ya kuijaribu aliniambia nilete kioo kisafi, yeye akachora kwa kalamu ya wino herufi moja juu yake. Tukasubiri. Kwenye skrini ikatoka herufi, tukapeana mikono kama watu waliomwozesha mtoto wao. Halafu Shefu akachagua uzito mwingine, pembeni ya herufi likatokea dole gumba, mistari yake yote imekaa sawasawa. Akanigeukia.

"Madamu Zuhura, mu hii labo ni nani anapaka mafuta ya karoti?"

Mimi, fundi wa mikono inayoaminika! Nilikwenda kunawa bila kuambiwa. Ile picha aliibandika kwenye mlango wa friji ya kemikali, na kila mgeni aliyepita aliulizwa kama anamjua mwenye dole hilo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Kwenye barabara ya ziwani, kati ya Bujumbura na Rumonge, kuna Magara. Wavuvi wanaingiza samaki alfajiri, wachuuzi wanasubiri, na wasioweza kuuza wabichi wanawaachia wanawake wa kukausha. Kiongozi wa wanawake hao alikuwa Mama Faida. Mjane, mrefu, mkristo wa kanisa la kule kwao Kongo, mdomo wake mkali lakini mkono wake mwepesi kutoa. Kila nilipokwenda nyumbani kuwaona wazazi nilisimamisha gari kwake. Alimpasua mukeke, samaki wa ziwa letu, akafunguka kama kitabu, akamkausha hadi akawa na rangi ya shaba. Watoto wangu walikulia samaki wa Mama Faida. Mimi kwake nilikuwa mteja tu, hakujua kazi yangu.

Ikatokea mwenye mkahawa mmoja mjini akaona jambo la ajabu. Nzi walitua mezani, walitua kwenye sahani, walitua hata kwenye kipara chake, lakini kwenye samaki wakavu kutoka Magara hawakutua. Akaenda kwa mkaguzi wa vyakula. Mkaguzi alikuwa kijana mwenye juhudi, ameshika kazi karibuni, akashuka Magara na gari, akachukua samaki wote akawateketeza kwa moto, akabakiza wachache wa kupimwa. Vichanja vya kukaushia akavizungushia kamba. Mama Faida akaamriwa kuripoti polisi kila asubuhi mpaka majibu yatoke. Maneno yakasambaa pwani yote kwamba wale wanawake wanapuliza dawa ya wadudu juu ya chakula cha watu. Jambo lenyewe si la kubuni, mahali pengine limewahi kufanywa. Kama ni kweli, Mama Faida angefungwa, na wanawake wote wa pale wangepoteza mahali pa kazi.

Samaki wakaletwa kwetu. Nikawasaga kwa kawaida yetu ya zamani, nikawapa Mizani. Jibu likaja bila kusitasita: permetrini, dawa ya kuua wadudu.

Wacha niseme nilivyojisikia. Nilikasirika vibaya sana. Nilifikiri watoto wangu, miaka yote ile, wakinyang'anyana mkia wa mukeke. Nilifika nyumbani nikafungua kabati, nikatoa samaki wote wa Magara nikawatupa shimoni, na mume wangu aliyekuwa anasubiri chakula akabaki anatazama kikapu kitupu. Nikasema yule mama ni muuaji anayecheka na watu. Nilisema hivyo, na nilimaanisha.

Kesho yake Direkta alitaka karatasi isainiwe. "Mukaguzi aliuliza iko ao haiko," alisema. "Iko. Muandike iko, tumalize."

Shefu alikuwa amesimama na kikombe chake cha chai. "Iko, Bwana Direkta, sikatai," alisema. "Lakini iko wapi?"

Direkta akasema hilo halikuulizwa. Shefu akasema anajua halikuulizwa, ndiyo maana analiuliza yeye, na akaomba apewe wiki. Walizungumza mlango umefungwa. Mimi, pamoja na hasira zangu, nilikuwa upande wa Direkta siku hiyo. Nilitaka isainiwe. Shefu alipotoka, wiki yake ameipata, aliniambia nichukue mukeke mmoja aliyebaki mzima, nitoe kipande cha ngozi kwa kisu kisafi, nikibandike kwenye kioo.

"Aliyepuliza atakuwa ameacha matone," alisema. "Tutaona mabaka. Basi tutakuwa tumemshika vizuri, na wewe utalala."

Tukafunga kioo kwenye meza ndogo, tukafungua azote. Ramani inatoka mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, na huwezi kuiharakisha. Nilikaa pale nikisubiri mabaka. Hayakuja. Ilikuja alama ya vijitundu, vidogo, vyenye pembe, vimepangwa safu juu ya safu ngozi nzima. Dawa ilikuwa kwenye kingo za matundu. Katikati ya kila tundu hakukuwa na kitu.

Nilidhani Shefu atafurahi. Alikunja uso. Alisema mashine imetuchezea. Meza inasogea kwa hatua, kila hatua na mstari wake, na meza mbovu inaweza kuchora safu zake yenyewe juu ya kitu chochote. Hii, wanangu, ndiyo kazi. Mjinga akiona picha nzuri anaikimbilia. Shefu alipoona picha nzuri aliishtaki kwanza mashine yake mwenyewe. Akaniambia nigeuze kioo, nikikalishe mshazari, tupime upya. Kama safu zinatoka kwenye meza, zitabaki zimenyooka vilevile. Kama zinatoka kwenye samaki, zitageuka na samaki.

Umeme ukakatika katikati. Nikataja jina la Mizani pamoja na majina mengine ambayo sitayaandika. Tukanyonya hewa upya, tukaanza tena. Na safu zikageuka. Zilikaa mshazari vilevile nilivyokalisha ngozi.

"Ni ya samaki," Shefu akasema polepole. Akaweka kikombe chini. "Twende Magara."

Tulimkuta Mama Faida amekaa karibu na vichanja vilivyofungwa kamba, mikono magotini, hana la kufanya. Shefu akamsalimia kwa Kirundi, amahoro, Mama. Aliponiona mimi nashuka garini na koti la labo, mteja wake wa siku zote, alielewa kazi yangu hapohapo, na jicho alilonitupia sitalisahau.

"Munakuja kufunga nini tena?" aliuliza. "Vichanja vimefungwa. Samaki imechomwa. Imebaki ziwa, basi mulifunge nalo."

Nilitaka kumjibu vibaya, hasira yangu bado ilikuwa hai. Shefu akaniwahi. Alichuchumaa mbele yake kama mtoto anayesalimia, akamwambia kwamba hakuja kufunga, amekuja kuuliza samaki wake wanalala juu ya nini wakikauka. Mama Faida akashangaa swali lenyewe. Akanyoosha mkono kuelekea kichanja cha karibu. Miti minne, fito juu, na juu ya fito imetandikwa neti. Neti ya mbu. Kichanja cha pili neti. Cha tatu neti.

Nikasogea, nikashika ile neti. Vijitundu vidogo vyenye pembe, safu juu ya safu.

Nilikaa chini mchangani, na koti langu jeupe. Zile neti zinazogawiwa bure kwa kila nyumba huwa zimelowekwa dawa ili mbu akizigusa afe, na dawa yenyewe ni permetrini au ndugu zake. Ni ileile inayotiwa kwenye chupa za kupuliza. Ukimsaga samaki, ya neti na ya chupa hazitofautiani kabisa.

Mama Faida akatueleza jinsi ilivyokuwa. Zamani walikausha juu ya mchanga. Wakaja watu wa semina, wakawafundisha kwamba mchanga ni uchafu, wajenge vichanja, watandike kitu chenye matundu hewa ipite chini. Wanawake wakatii. Waya wa chuma ulishika kutu msimu mmoja tu. Neti ilikuwa ndani ya kila nyumba, nyepesi, inafulika, matundu yake yanazuia hata ndagala, dagaa wa huku, asidondoke.

"Na nzi haikuwa inatua," alisema. "Tulifurahi. Tuliona ni juu ya usafi. Tulikuwa tunawasimulia wenzetu wa Gatete nao wafanye hivyo."

Hasira yangu ilikwisha pale pale, ikaingia aibu ya kumwita mtu muuaji, halafu huruma ikafunika yote mawili. Walikuwa wamefanya kila walichoambiwa, tena kwa moyo.

Lakini Shefu hakutaka huruma iandike ripoti. Tulirudi na kipande cha neti tulichopewa na Mama Faida. Tukanunua mukeke wabichi mahali pengine. Mmoja tulimkausha uani juu ya kile kipande, mwingine tulimkausha juu ya fito tupu tukampuliza dawa ya chupa. Walinzi walidhani tumepata wazimu. Aliyepulizwa akatoa mabaka na matone, mazito mgongoni. Aliyelala kwenye neti akatoa safu za matundu, pacha na ramani ya kwanza. Tukapima na vipande vingine vya samaki waliokamatwa, vyote vikatoa matundu. Upande wa nyama picha ilikuwa imetapakaa kidogo kwa sababu ya mafuta ya samaki, upande wa ngozi ilikuwa safi kabisa. Hapo ndipo Shefu alipochukua kalamu. Aliandika iko, na akaandika iko wapi.

Mkaguzi hakupenda. Alisema alihitaji neno moja. Shefu akamwambia neno moja lilikuwepo tayari tangu wiki iliyopita, na lingetosha kumfunga mama wa watu kwa kosa ambalo hakufanya. Mkaguzi akafikiri, akasema basi twende naye Magara tukawasomee wenyewe. Kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Wanawake walikusanyika karibu na vichanja. Mkaguzi alisoma: dawa haikupulizwa, imetoka kwenye neti. Watu wakashusha pumzi. Kisha akasema kuna jambo la pili. Kutumia neti za kulalia kwa kazi nyingine kumekatazwa, naye hana budi kuuliza ni nani alianza. Kila mtu akaangalia miguu yake. Na kweli hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote, neti zote zinafanana, na angeuliza mpaka jua lizame asingepata jibu.

Shefu alikuwa ameleta ramani zimechapwa kwenye karatasi kubwa, zenye rangi, ili waone wenyewe. Zilikuwa zinapita mkono kwa mkono. Zilipofika kwa Mama Faida, aliziangalia kwa adabu tu, moja baada ya nyingine, halafu kwenye moja akaganda. Akaileta karibu na macho. Kwenye kona ya picha ile safu za matundu zilivurugika, na mstari mnene ukakatiza ukipindapinda. Sisi tulikuwa tumeuona labo. Tulidhani neti ilijikunja.

"Hapa," akasema. Kidole chake kikafuata mstari. "Hii mushono ni yangu."

Mkaguzi hakuelewa. Mama Faida akageuka kumkabili.

"Panya alikata neti ya wajukuu wangu, mimi nikaishona. Hivi ndivyo ninavyoshona, kila mtu hapa anajua. Kisha kichanja kikakosa kitu cha kutandika, nikaitoa kwa kitanda chao nikaileta hapa. Wenzangu waliona kwangu. Mulikuja kutafuta mutu alitia dawa kwa samaki. Ni mimi. Si kwa kupuliza. Ni kwa kutandika."

"Mama, unajua unachosema?" mkaguzi akauliza.

"Najua. Watoto wa binti yangu wamelala bila neti, mbu ziko zinawakula, na mimi niko nafurahi juu nzi haitui kwa samaki." Akamkabidhi mkaguzi ile karatasi. "Hilo hakuna aliniuliza. Niko nalisema mwenyewe."

Nililia, na sioni haya kusema. Alikuwa ameshaokoka. Angenyamaza tu, akairudisha karatasi, akaenda zake. Shefu alivua miwani akaanza kuipangusa kwa shati, ikawa chafu zaidi. Mkaguzi aliiangalia ile picha. Kisha akaenda kwenye kichanja cha kwanza, akafungua kamba kwa mikono yake. Akasema neti zote zitoke leo, na zikishatoka mahali pafunguliwe. Hakuuliza tena nani alianza.

Wavuvi walileta nyavu za ndagala zilizochakaa, matundu yake madogo vilevile na hazina dawa. Wanawake walizichemsha wakazitandika kabla ya jioni. Nzi wakarudi, bila shaka, na wao wakarudi kwenye kazi ya kuwafukuza kwa matawi. Safari iliyofuata Shefu alikwenda na neti mpya, akaingia mwenyewe nyumbani kwa Mama Faida kuifunga juu ya kitanda cha wajukuu, akagonga kichwa kwenye boriti. Mama Faida alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia Shefu kwamba kwa mtu aliyesoma hivyo, kichwa chake kililia kama debe tupu. Shefu alilirudia neno hilo labo nzima, kwa fahari.

Niliendelea na Mizani miaka mingine mingi. Tulichora majani ya chai, vitambaa, maganda ya matunda, ngozi za wagonjwa kwa ruhusa yao. Shefu alihamishiwa mbali, akaniachia kikombe na ile picha ya dole gumba. Direkta alistaafu kabla yangu, na katika hotuba yake, nilishangaa, alizungumza sentensi nyingi, na ya mwisho ilikuwa kwamba alijifunza kuuliza iko wapi. Tulimpigia makofi.

Mimi nami nikafika siku yangu. Nilizima taa ya kompyuta, pampu nikaiacha inanguruma, nikawakabidhi vijana funguo. Nimerudi Rumonge, macho yamechoka, mikono naipaka mafuta ya karoti kadiri nipendavyo. Vijana huja kuniuliza siri ya kazi. Nawaambia sina siri. Nawaambia wanawe mikono, waigombeze mashine kabla ya kumgombeza mtu, na ramani ikishatoka wampelekee mwenye samaki aione kwa macho yake, kwa sababu sisi mle labo tuliuangalia ule mstari siku nzima na kwetu ulikuwa mkunjo.

Mama Faida bado yupo. Vichanja sasa vimo mikononi mwa wajukuu, yeye anakaa kivulini anatoa amri. Kila gari la samaki linaloshuka Rumonge linaniletea kifurushi, na dereva ana salamu ya kunipa, ambayo haibadiliki: "Mama Faida anasema, Madamu apime kwanza." Ananichokoza, yule mama. Miaka yote hii najua kuliko mtu yeyote pwani hii ni vitu gani vinaweza kukaa juu ya ngozi ya mukeke na macho yasivione. Namwambia dereva asante, murakoze, namwosha samaki, namweka motoni, na akishaiva nakaa mezani na mume wangu tunamla na ngozi yake.